KUHAMISHA SOKETI NYUMBANI
Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wahitimu



Nilipoombwa nizungumze juu ya elimu na maisha, nilidhani nitawaeleza habari za chuo kikuu na utumishi wa serikali. Lakini nimeona heri niwasimulie habari ya soketi moja nyumbani kwangu, Nangara.

Miaka michache iliyopita tulinunua jokofu, nayo soketi ya jikoni ilikuwa mbali kiasi cha mita mbili. Fundi alitaja bei yake, nikaona ghali. Nikajiambia, mimi niliyefaulu Fizikia katika shule hii nitashindwa na nyaya tatu? Nikazima meinswichi, nikachimba ukuta, nikaunga nyaya kwa kuzisokota na kuzifunga utepe. Nikazipitisha mshazari ili zitoshe, kisha nikapiga lipu juu yake. Waya wa ethi haukufika, nikauacha. Jokofu likafanya kazi, nami nikajipongeza.

Jioni moja ya masika binti yangu alitoka uani, miguu mitupu na imelowa, akashika mlango wa jokofu. Nilisikia ukelele. Kwa rehema za Mungu alirushwa pembeni, umeme haukumng'ang'ania. Alipona, ila kwa majuma kadhaa hakukubali kuingia jikoni peke yake.

Ndipo nikamwita fundi mwenye leseni. Aliubomoa ukuta wangu, akanionyesha makosa matatu.

La kwanza ni ethi. Ndani ya jokofu waya wa moto ulikuwa umegusa bati. Kama ethi ingekuwapo, umeme ungeshuka ardhini kwa nguvu, na kikatizi kingekata mara moja. Kwa kuwa haikuwapo, njia ya kwenda ardhini ilikuwa mwili wa mtoto.

La pili ni maungio. Waya uliosokotwa tu hulegea, na penye kulegea huzuka joto. Tulifundishwa hapa kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Birika la wati 3000 kwa umeme wa volti 230 huvuta ampia 13, nasi tulikuwa tukilichomeka pale pale. Utepe wangu ulikwisha anza kuungua ndani ya lipu.

La tatu ni njia. Waya ndani ya ukuta hupita wima au mlalo kutoka kwenye soketi, ili apigiliaye msumari akisie ulipo. Wangu ulipita pasipodhaniwa na mtu.

Fundi alitandika waya mpya wa milimita za mraba 2.5 ndani ya bomba la plastiki. Maungio aliyakaza kwa skrubu ndani ya boksi la soketi ya zamani, akalifunika kwa kifuniko kinachofunguka. Kabla ya kuwasha alipima ethi na nyaya zote kwa mita. Mwisho akafunga kikatizi kinachokata umeme ukivuja kiasi cha miliampia 30. Nilimlipa zaidi ya ile bei niliyoiona ghali.

Ndugu zangu, sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi ya kufunga nyaya za umeme hufanywa na mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA. Mimi mtumishi wa serikali nadai vibali vya watu kila siku ofisini, lakini nyumbani kwangu sikuuliza cha mtu. Usione haya kumwambia fundi akuonyeshe leseni yake kabla hajashika nyundo.

Nanyi vijana, Fizikia yangu haikuwa na kosa. Niliyajua yote niliyoonyeshwa na fundi yule, ila sikuyakumbuka nilipokuwa nahesabu shilingi. Mkipenda, jifunzeni ufundi umeme. VETA wanaufundisha, na ni kazi ya heshima. Msipojifunza, basi kazini mwa fundi mwacheni fundi.

Binti yangu sasa hufungua jokofu bila woga. Mimi ndiye ninayetazama kwanza miguu yake.