Wimbo Katika Nyumba ya Smith: Mhadhara wa Umma juu ya Filamu ya Meet Me in St. Louis



Katika zama zile ambapo studio kubwa za Hollywood ziliwafunga waigizaji kwa mikataba ya miaka mingi, zikawaajiri chini ya paa moja washonaji, mafundi wa taa na watunzi wa nyimbo, zilitoka senema za nyimbo zisizo na idadi, na aghalabu hadithi yake ilikuwa kisingizio tu cha kumfikisha mwimbaji mahali pa kuimbia. Nimeichagua jioni hii moja isiyohitaji kisingizio hicho, nayo ni Meet Me in St. Louis, iliyotolewa na Metro-Goldwyn-Mayer mwaka 1944, kwa kuwa naiona imefahamu kuliko zote kwamba watu wa nyumba moja, hata wapendane vipi, huwa na mambo wasiyothubutu kuambiana, na kwamba wimbo waweza kuwafikishia.

Asili yake ni visa ambavyo Bibi Sally Benson aliviandika katika gazeti la The New Yorker juu ya jamaa zake. Mtayarishaji alikuwa Arthur Freed, mtunzi wa maneno ya nyimbo tangu ujana wake, na mwongozaji ni Vincente Minnelli, aliyekuwa kwanza mbunifu wa mavazi na mapambo ya jukwaa huko New York. Bwana Smith, wakili, aishi St. Louis pamoja na mkewe, babu wa watoto, mtumishi, kijana mmoja wa kiume na mabinti wanne, tangu kiangazi cha 1903 hata majira ya kuchipua ya 1904, na mji mzima wangojea Maonyesho ya Ulimwengu. Hamna mwizi wala mauaji. Msiba wote ni huu: baba apewa kazi kubwa zaidi New York, na bila ya kumshauri mtu akubali kuihamisha nyumba.

Tazameni anavyoitoa habari hiyo. Keki imekwisha letwa mezani, asema, kisha mabinti waondoka mmoja mmoja, kila mtu na huzuni yake, hata akabaki mwenye nyumba ameketi mbele ya chakula asichokila mtu. Mkewe haoni haja ya kugombana naye wala kumtetea. Aenda kwenye kinanda, aanza kupiga wimbo wa mapenzi wa zamani, na mume asimama kando yake akaimba. Sauti ikiwa juu mno kwake, mke aishusha ili aiweze. Katika kitendo kile cha vidole mna msamaha, mna taadhima, mna na miaka yote ya ndoa yao, na watoto wayasikia hayo, wakarejea taratibu, wakachukua sahani, wakala. Sauti ile ya baba, waama, si ya mwigizaji Leon Ames: aliyeimba ni Freed mwenyewe, na maneno ya wimbo ni yake.

Usiku wa Krismasi, Esther, yaani Judy Garland, amwimbia mdogo wake Tootie dirishani. Maneno ya kwanza ya wimbo yalikuwa ya kukatisha tamaa kabisa, na Garland akakataa kumwimbia mtoto jambo la namna hiyo, hata mtunzi Hugh Martin akayageuza. Garland alikuwa na haki, maana huzuni iliyositirika ndiyo inayomchoma Tootie hata akatoka mbio kwenye theluji na kuzivunjavunja sanamu za theluji moja baada ya nyingine. Baba aliyaona kutoka dirishani, na safari ikafutika. Margaret O'Brien, aliyekuwa bado mdogo sana, alipewa Oscar ya watoto, nami sijaona mtoto aliyeistahiki zaidi.

Lakini mwisho wa filamu ni taa za Maonyesho, zinazomeremeta juu ya maji, na hapo sina budi kunena jambo ambalo filamu haikulinena. Katika uwanja huo wa mwaka 1904 walisimamishwa watu ili watazamwe, miongoni mwao kijana wa Kongo, Ota Benga, ambaye mwaka 1906 aliwekwa katika banda la nyani la bustani ya wanyama ya Bronx, na mwaka 1916 akajiua huko Virginia. Nyumba ya Smith haikumwona, na uzuri wa ile filamu haupungui kwa hilo, ila ujuzi wetu juu yake hupungua tusipolijua.

Basi nawaomba wanafunzi wa sanaa za maonyesho waitazame filamu hii kwa masikio kuliko kwa macho, hasa pale penye kinanda, na katika juma lilo hilo wasome habari za Ota Benga, na walimu wao wasiwatenganishie masomo hayo mawili.