Tuanze na Safari ya Kurudi: Wazee wa Nyahanga na Treni ya Mwanza

Mada hii inahusu mapumziko ya siku mbili tatu kwa treni ya moja kwa moja, kwa mtu aliyetimiza miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inauhesabu kuwa uzee. Nina hoja moja. Mkazi wa kata yetu ya Nyahanga, na wa Kahama kwa jumla, achague mahali pa kwenda kwa kutazama kwanza atakavyorudi. Tukipima hivyo, Mwanza inazipita Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Kwa kawaida tunauliza kwanza huko kuna nini cha kuona, na swali hilo ndilo linalowafanya wazee wetu warudi nyumbani wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kahama mjini hakuna reli. Kituo chetu ni Isaka, chini ya saa moja kwa gari, kwenye tawi la Reli ya Kati lililotoka Tabora na kufika Mwanza mwaka 1928. Treni inayotoka Dar es Salaam hufika Isaka ikiwa imeshatembea zaidi ya kilomita 900, tena imepita Tabora, ambako reli inagawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Kila ucheleweshaji uliotokea njiani, iwe ni kupishana na treni ya mizigo, kichwa kilichopata hitilafu au mvua iliyolainisha tuta, unamfikia abiria wa Isaka ukiwa umejumlishwa. Ndiyo maana mzee anaweza kukaa kituoni tangu magharibi na treni ikaingia usiku wa manane. Upande wa pili hali ni tofauti kabisa. Mwanza ni kituo cha mwanzo. Mabehewa yanakuwa yamesimama, mzee anapanda bila kusukumwa, anakaa kwenye kiti kilichoandikwa kwenye tiketi yake, na kutoka hapo hadi Isaka ni kama kilomita 250 tu, kabla treni haijafika kwenye njia panda ya Tabora. Ucheleweshaji hauna umbali wa kukua. Basi ikiwa siku za treni hazilingani na siku zako, nenda Mwanza kwa basi la asubuhi na urudi kwa treni. Ukiamua kugawa safari, huo ndio mgawo wenye faida.

Kwa nini basi lisitumike kwenda na kurudi, wakati kila mtu anajua kuwa ni la haraka zaidi? Pingamizi hili ni la kweli na halijibiwi kwa kuisifia reli. Basi linawahi. Lakini kwa mzee saa si kipimo pekee. Kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu bila kunyoosha miguu kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na hatari hiyo inakua kadiri umri unavyokwenda. Kisha kuna jambo ambalo watu huliona aibu kulitaja kwenye vikao: kuchimba dawa. Dereva anasimama porini, abiria wanashuka, vijana wanaruka mtaro na kutokomea vichakani, na bibi mwenye magoti mabovu anabaki ameshika ubavu wa basi, akipima mteremko wa tuta la barabara na macho ya watu. Wengi wanalikwepa hilo kwa kutokunywa maji tangu jana yake, wakiwemo wenye kisukari na wenye shinikizo la damu. Treni ina choo ndani na ujia wa kutembea, na katika daraja la kulala kuna kitanda cha kunyoosha mgongo. Saa zinazopotea zinanunua heshima ya mtu na maji ya kunywa, na kwa bei hiyo mimi naona si hasara.

Sasa Mwanza yenyewe. Kituo cha reli ya zamani kiko karibu na katikati ya jiji, kwa hiyo nauli ya teksi au bajaji kwenda kwenye nyumba ya wageni haiwi mzigo. Kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964 na kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kinafikiwa kwa boti kwa muda mfupi kutoka Capri Point. Kina swala, pimbi na mawe mengi ya kupanda. Asiyeweza mawe akae chini kwenye upepo wa ziwa, hajapoteza kitu. Lakini mahali ninapopapendekeza zaidi ni Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Pale kuna ngoma, vifaa vya watemi na historia ya Bagika na Bagalu, zile jamii mbili zilizoshindana kwa kucheza na kwa dawa. Vitu hivyo mzee wa Kisukuma hahitaji kuelezwa na kiongozi wa watalii. Yeye ndiye atakayemweleza mjukuu aliyefuatana naye.

Wapo watakaosema mapumziko si desturi yetu, kwamba mzee husafiri kwa msiba, kwa harusi, au kwa rufaa ya hospitali ya Bugando. Nakataa. Msimu wa ngoma baada ya mavuno uliwatoa watu kijiji hadi kijiji kwa furaha tupu, na waliokwenda hawakuwa vijana pekee. Desturi ilikuwepo. Kilichotokea ni kwamba ajira ya pamba, ya serikali na baadaye ya migodi ilitufundisha kuhesabu mapumziko kama likizo ya kazi, na kazi ilipokwisha tukadhani mapumziko nayo yamekwisha. Mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, hapa hapa Kahama, waliokuwa wakihesabu zamu walibaki na siku nyingi zisizo na jina. Hapo mstaafu ana nafasi ambayo mwanawe hana. Treni ya reli ya zamani haipiti kila siku, lakini yeye hafungwi na Jumamosi na Jumapili. Wikendi yake inaweza kuangukia siku yoyote treni inapoondoka Mwanza.

La mwisho ni la reli ya kisasa, SGR. Abiria walianza kusafiri Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na kipande cha Mwanza–Isaka kiliwekewa jiwe la msingi mwezi Juni 2021. Basi tusubiri? Mwenye miaka 72 leo hana sababu ya kuweka miguu yake akiba kwa ajili ya ratiba ya mkandarasi. Na kumpeleka Dodoma kwa basi kutwa nzima ili akapande treni ya kisasa ni kumchosha kabla ya safari kuanza. Hata SGR ikifika kwetu, Mwanza itabaki kituo cha mwanzo na hesabu ya kurudi itakuwa ile ile. Kwa sasa napendekeza Baraza la Wazee la kata liandike barua kwa Shirika la Reli, likiomba mambo matatu Isaka: taa, benchi lenye mgongo, na mtu wa kumshika mzee mkono anaposhuka ngazi za chuma za behewa usiku.