Mazungumzo ya 17: Brashi ya Babu ya Kunyolea Ndevu

Sogeza kiti karibu na redio, na kama mtoto analia mbebe kwanza, kisha tuendelee.

Siku moja mama mmoja alikuja kliniki akiwa amebeba kitu kidogo ndani ya leso. Hakuwa na mgonjwa. Alifungua leso ile, nikaona brashi ya kunyolea ndevu, ya zamani sana. Mpini wake ulikuwa wa chuma, umeshika kutu ya kijani, na nywele zake zilikuwa zimekatikakatika na kunuka uvundo.

Akaniambia, "Sista, hii ni ya baba mkwe. Alirudi nayo kutoka Burma mwaka 1945, alipokuwa askari wa Keya. Sasa kijana wetu ameanza kuota ndevu, na baba yake anataka ainyolee hii hii, iwe baraka ya babu. Mimi roho yangu imekataa, lakini nikisema itupwe, nitaonekana ninamdharau marehemu. Nifanye nini?"

Msikilizaji, swali la mama huyu lilikuwa zito. Nyumba nyingi zina kitu kama hicho, kimefungwa sandukuni. Leo tutazungumza jinsi ya kukihifadhi bila kuleta ugonjwa nyumbani.

Tuanze na nywele za brashi, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo.

Brashi za zamani zilitengenezwa kwa nywele za wanyama. Zile za bei ya juu zilikuwa za mnyama wa Ulaya anayefanana na nyegere. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, nywele hizo ziliadimika. Watengenezaji wakatumia singa za farasi kutoka nchi za mbali, wakazipaka rangi zifanane na zile za bei ya juu. Baadhi hazikusafishwa vizuri. Wanaume wa Uingereza na Marekani, wengi wao askari, wakaanza kupata vidonda vibaya usoni na shingoni. Ulikuwa ugonjwa wa kimeta.

Ndiyo, kimeta kile kile tunachokijua sisi wafugaji, kinachoua ng'ombe ghafla. Mwaka 2015 kimeta kiliua mamia ya nyati katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Viini vyake vina ujanja mmoja: vikikosa mnyama wa kuishi ndani yake, hujifungia katika ganda gumu na kulala. Vinaweza kulala miaka mingi, udongoni au katika ngozi na nywele za mnyama aliyekufa. Sabuni haviijali. Maji ya moto ya kumwagia tu hayatoshi. Mtu akijikata kidogo kwa wembe, vinapata mlango.

Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta mwaka 1919, na usafishaji wa nywele ukaanza kusimamiwa. Kwa hiyo brashi zilizotengenezwa baadaye zina hatari ndogo zaidi. Hata hivyo, mwaka 2017 wataalamu wa afya wa Marekani walichapisha ukumbusho wa habari hizi, kwa sababu watu wameanza tena kupenda brashi za kale.

Basi shika hili. Kama brashi yenu ni ya zamani kuliko mwaka 1930, au hamjui umri wake kabisa, msiinyolee na msiifungue. Msijaribu kuisafisha kwa dawa kali nyumbani. Itieni katika chupa ya kioo yenye kifuniko, iwekeni juu ya kabati kama kumbukumbu, mbali na watoto.

Brashi ya yule mama tulijua ilitoka miaka ya 1940, kwa hiyo hofu ya kimeta ilikuwa ndogo. Lakini nywele zake zilikuwa zimeota ukungu, na ndani yake kulikuwa na mabaki ya sabuni, ngozi na pengine damu ya miaka mingi. Nikamwambia: mpini uokoeni, nywele ziondoeni. Baraka ya babu iko katika mpini alioushika kwa mkono wake.

Kazi yenyewe hufanywa hivi.

Kwanza, fanyia kazi nje, watoto wakiwa mbali. Vaa glavu. Loweka kichwa cha brashi katika maji yenye sabuni hadi nywele zilowe kabisa, ili vumbi lisiruke. Usizikate zikiwa kavu.

Pili, zikiwa bado zimelowa, zikate karibu na mpini. Zifunge katika karatasi na kuzichoma katika moto mkali, ukisimama upande usiokuja moshi. Mabaki yaliyogandia ndani ya tundu mpelekee fundi wa jua kali ayatoboe kwa drili. Mwambie aweke maji kidogo anapotoboa.

Tatu, safisha mpini. Ukiwa wa shaba ya manjano, changanya siki na chumvi kidogo, sugua kwa kitambaa kwa dakika chache, kisha suuza kwa maji mengi na kuukausha. Usiulaze ndani ya siki usiku kucha, utaharibika. Ukiwa umepakwa nikeli au kromu, tumia maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu tu. Usiusugue kwa mchanga wala waya, maana utabandua ile ngozi inayong'aa. Mtu ambaye ngozi yake huwashwa na hereni au bakoli za mshipi za bei rahisi huenda akawashwa na nikeli pia, kwa hiyo mpini huo haumfai.

Hapa sikilizeni vizuri. Kamwe usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Na kama mpini una mistari ya rangi ya zamani, usiikwangue. Rangi za kale na lehemu za kale huwa na madini ya risasi. Vumbi lake likiingia tumboni mwa mtoto huathiri ubongo wake, na hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Nne, nunua brashi mpya ya bei nafuu yenye nywele za nailoni. Fundi atakitoa kichwa chake na kukigandisha katika mpini wa babu kwa ile gundi kali ya kuchanganya mirija miwili. Iachwe siku nzima ikauke kabla ya kutiwa maji.

Tano, itunzwe. Kila baada ya kunyoa, isuuzwe, ikung'utwe, na itundikwe nywele zikitazama chini. Isifungiwe sandukuni ikiwa mbichi.

Na brashi hiyo ni ya mtu mmoja. Kijana asimwazime kaka yake, wala baba asiitumie siku ya Jumapili. Wembe ni hivyo hivyo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu usiloliona linatosha kuambukiza. Nanyi akina mama mnaonyoa watoto vichwa, mtoto mmoja, wembe mmoja, kisha utupwe chooni.

Sasa dalili. Mtu akitokwa na kipele kama alichoumwa na mdudu, kikawasha, kikawa lengelenge, halafu kidonda kisichouma chenye weusi katikati na uvimbe pembeni, asingoje. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa kidonda kikiwa usoni au shingoni, kwa sababu uvimbe unaweza kuziba pumzi. Amweleze daktari kama alishika ngozi, nyama au nywele za mnyama. Kimeta cha ngozi hutibika vizuri kwa dawa kikiwahiwa.

Yule mama alirudi baada ya majuma kadhaa, akafungua leso ile ile. Mpini ulikuwa uking'aa kama sarafu mpya, na nywele nyeupe safi zimesimama juu yake. Akasema mzee alipouona alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwita kijana na kumwonyesha jinsi babu alivyokuwa akipaka povu, kuanzia shavu la kulia.

Kabla ya kuzima redio, ulizana na mwenzako: nyumbani kwetu kuna kifaa gani cha kale kinachogusa ngozi? Na ni nani anayekitumia?

Mimi ni mwuguzi wenu. Mpaka juma lijalo, laleni salama.