Muulize Mwenzako Akuambie
Maneno ya mweka hazina kwenye mkutano mkuu wa wanachama



Komite imeniomba niseme jambo lenye lilinipata mwaka huu. Nilitaka kukataa, maana niliona haya. Lakini wengi wenu mlikuwa ndani yake, kwa hiyo nitalisema.

Mnajua sanduku letu la akiba. Liko na kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na pesa tunazihesabu mbele ya wote. Tulifanya hivyo kwa maana hata mtu mwaminifu anaweza kukosea hesabu. Lakini tabia ya yule mwenye kushika kitabu, nani anaihesabu?

Wakati wa mvua niliona kwamba mama zetu wenye walibaki huku wakati wa vita hawakopi tena. Akiba wanaweka, kukopa hapana. Nikasema moyoni: hawa wanaogopa biashara. Nilikuwa karibu kuandika hivyo katika raporo ya wafadhili.

Kwanza nikauliza watu: "Mnanionaje katika kazi yangu?" Wote wakajibu: "Uko muzuri, ndugu." Nani atajibu vingine mbele ya mtu mwenye kushika kitabu cha mikopo? Swali lenyewe lilikuwa bovu.

Ndipo nikamwendea mama mmoja muuza ndagala, nikamuuliza hivi: "Mama, siku ile ulikuja kuomba mkopo ukarudi mikono mitupu, mimi nilifanya nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kila mara unasema, sisi kule Nyarugusu tulijifunza kurudisha deni. Na sisi wenye tulibakia huku, tulikuwa wezi? Tena jina la mwenye kuchelewa unalisoma kwa sauti, kama uko kwenye mstari wa mgao."

Ndugu zangu, nilisikia joto kichwani. Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Kambi ile ilinilea tangu 1996 mpaka nilipopanda meli ya Kigoma kuja Baraka mwaka 2007. Kuitaja si tusi! Lakini nilijizuia, nikasema tu: "Asante, mama." Kama ningebishana siku ile, hakuna mtu angeniambia ukweli tena.

Nikauliza wengine wawili: mmoja mrudi kama mimi, mwingine kijana wa hapa. Kijana alisema yale yale. Mrudi mwenzangu hakuwa amesikia ubaya wowote, na hapo nikaelewa: maneno yangu hayakumchoma kwa sababu hayakumlenga. Kwa hiyo usiulize tu mwenye kufanana na wewe.

Katika mafunzo fulani tulionyeshwa dirisha lenye Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walilichora mwaka 1955. Waliunganisha majina yao, Joe na Harry, wakaliita Johari. Liko na sehemu nne: yale unayoyajua na wenzako wanayajua, yale unayoyaficha, yale hakuna anayeyajua, na yale wenzako wanayaona lakini wewe huyaoni. Sehemu hiyo ya mwisho hauwezi kuifungua peke yako, hata ukae usiku mzima unajichunguza.

Sasa mwenye kuchelewa namfuata pembeni kwanza, tunaongea wawili. Na neno "kule" ninajaribu kulipunguza. Baada ya miezi miwili nilirudi kwa yule mama kumuuliza kama nimebadilika. Akacheka: "Umepunguza. Haujamaliza."

Mama wawili wamekopa tena. Ni wawili tu, siwadanganyi. Na wafadhili wetu, katika raporo mtasoma kwamba kizuizi hakikuwa uvivu wa mama hawa, kilikuwa mdomo wa mweka hazina.

Ninaomba komite yote ifanye hivi: kila mmoja achague watu watatu, mmoja wao awe mwenye hamkupitia njia moja. Aulize juu ya siku moja na tendo moja. Asikilize, ashukuru, abadilishe jambo moja, kisha arudi kuuliza. Tulirudi kwenye udongo huu kuishi pamoja na wenzetu wenye waliulinda. Tusiwafukuze kwa maneno yenye hatuyasikii sisi wenyewe.