Kazi ya Mtandaoni Inahitaji Meza: Tuitafute Hapa Hapa Eastlands

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa mitaa ya Eastlands, wakiwemo vijana wanaofanya kazi kupitia intaneti na wenye mikahawa.



Kuna swali ambalo huulizwa nikiwa kwenye matatu, kwa kinyozi, hata matangani: "Mkubwa, ni mkahawa gani mzuri ambapo mtu anaweza kukaa na kipakatalishi afanye kazi?" Ukilisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni swali la mtu anayependa starehe. Sivyo. Anayeuliza ana kazi tayari. Anaandika, anatafsiri, anajibu simu za wateja wa kampuni iliyo ng'ambo, au anafundisha watoto hesabu kupitia video. Alichokosa ni meza. Nyumbani ni chumba kimoja, mtoto mchanga analia, jirani amefungua redio, na stima ikipotea haijulikani itarudi saa ngapi. Akikosa meza leo, kesho amekosa mteja. Akikosa mteja, mwisho wa mwezi mwenye nyumba anabisha mlango.

Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo. Nilipohitimu shahada ya uandishi wa habari sikupata ajira mara moja, kwa hiyo niliandika makala kwa malipo ya kila moja. Kila asubuhi nilipanda matatu, nikapita Jogoo Road nikiwa nimesimama nusu ya safari, nikashuka mjini na kuingia mkahawa fulani wenye viti laini. Niliagiza kikombe kimoja na kukinywa kwa saa tatu. Siku moja, saa saba mchana, nywila ya waifai ilibadilishwa na mhudumu akaniambia kwa upole kwamba meza inahitajika kwa wanaokula. Nilikuwa na nusu saa ya kuwasilisha makala. Sikuwasilisha. Mhariri yule hakunipigia tena. Sikumlaumu mwenye mkahawa wakati ule na simlaumu leo, kwa sababu alikuwa anauza chakula na mimi nilikuwa nimegeuza meza yake ofisi bila kukubaliana naye.

Jioni hiyo nilifanya hesabu ambayo ningefaa kuifanya siku ya kwanza. Naomba tuifanye pamoja, na kila mtu aweke bei anazozijua yeye. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 200. Vikombe viwili vya kahawa, kwa kuwa kimoja hakitoshi kukaa siku nzima, ni shilingi 600. Chakula cha mchana ni shilingi 400. Hiyo ni shilingi 1,200 kwa siku. Ukifanya kazi siku 20 kwa mwezi, umetumia shilingi 24,000 kabla hujalipa kodi wala kumtumia mama kitu. Sasa tuseme umebaki mtaani: chai na mandazi shilingi 70, data shilingi 100. Kwa siku 20 ni shilingi 3,400. Tofauti hiyo ni ya shilingi 20,600. Kuna watu hapa ambao hawalipi kodi ya nyumba inayofika hapo.

Kwa hiyo jambo langu la leo ni moja. Mahali pazuri pa kazi ni pale ambapo kazi inakamilika na mapato yanabaki mfukoni. Kwa wengi wetu, mahali hapo pako karibu na nyumbani kuliko tunavyodhani.

Wengine watasema mkahawa si mahali pa kazi. Historia haikubaliani nao. Lloyd's, soko kubwa la bima mjini London, lilianzia katika mkahawa wa kahawa wa mtu aliyeitwa Edward Lloyd, mwishoni mwa karne ya 17. Mabaharia, wenye meli na wafanyabiashara walikwenda pale kwa sababu habari za meli zilipatikana pale. Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na kule Lamu, mikataba mingapi imefungwa barazani, muuza kahawa akipita na dele lake la moto huku akigonganisha vikombe? Hapa Nairobi, Majengo ya Pumwani ina wazee ambao hawafungi jambo lolote bila kahawa chungu yenye tangawizi. Kazi na kikombe ni marafiki wa zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kazi inataka soketi.

Basi unapotafuta mahali, usianze na uzuri wa viti. Anza na saa zako. Kama mteja wako yuko New York na anataka uwe kazini saa tatu asubuhi yake, kwako ni saa kumi jioni, na kule kukiwa na majira ya baridi ni saa kumi na moja. Zamu ya saa nane itakufikisha saa sita au saa saba usiku. Mkahawa unaofungwa saa moja jioni haukufai, hata kama kahawa yao inasifiwa Nairobi nzima. Mwenye mteja wa London ana nafuu, kwa kuwa tofauti ni saa mbili au tatu tu, na anaweza kumaliza akapata matatu ya kurudi. Akina dada, hili la saa nalisema kwa uzito. Ukikubali zamu ya usiku, njia ya kurudi nyumbani ni sehemu ya mahali pa kazi. Kama huwezi kutembea kutoka mkahawani hadi mlangoni kwako bila hofu, basi kazi ya usiku ifanyie nyumbani na mkahawa uutumie kwa kazi ya mchana.

Pili, uliza kuhusu stima kabla hujaagiza. Soketi ziko wapi, zinafanya kazi, na mwenyewe anaruhusu? Wenye vibanda wengi hununua tokeni za stima kwa pesa zao wenyewe, na kipakatalishi chako kinakula tokeni hizo. Nenda na betri iliyojaa, na chaja iwe ya akiba.

Tatu, pima mtandao wewe mwenyewe. Tovuti za kupima kasi ni za bure. Watu hutazama kasi ya kupakua na kusahau ya kupakia, ilhali mkutano wa video unahitaji zote mbili. Ukipata takriban megabiti 4 kwa sekunde kila upande, mkutano wa video utakwenda vizuri. Pima saa ile ile utakayokuwa ukifanya kazi, kwa sababu mtandao wa saa nne asubuhi si ule wa saa mbili usiku mtaa mzima ukitazama mpira. Na uwe na data kwenye simu ya kukuokoa dakika kumi za mwisho. Mimi ningekuwa nayo siku ile, pengine mhariri yule angalikuwa rafiki yangu hadi leo.

Nne, linda siri za watu. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Ukishughulikia majina, namba za simu au rekodi za afya za wateja wa mtu mwingine, usikae mahali ambapo aliye nyuma yako anasoma kioo chako. Keti ukiwa umeupa ukuta mgongo. Simu yenye mambo ya ndani ipigie nje. Waifai isiyo na nywila usiitumie kwa benki wala kwa mafaili ya mteja.

Sasa nigeuke kwa wenye mikahawa na vibanda, kwa sababu bila ninyi maneno haya hayana maana. Najua mnachokiona: kijana amechukua meza ya watu wanne, ameagiza chai moja, na saa saba wateja wa chakula wanasimama mlangoni. Hiyo si biashara. Lakini tazama saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, viti vyako vinakaliwa na nani? Weka bei ya kukaa. Andika kwenye kadibodi: chai, kitafunio na soketi, saa tatu, shilingi kadhaa. Andika pia kwamba kuanzia saa saba hadi saa nane meza ni za wanaokula. Kijana anayejua masharti hatakusumbua, na atakuja kesho na mwenzake. Nanyi vijana, mkiwekewa bei msinung'unike. Ukimlipa mama mwenye kibanda shilingi 150 kwa utulivu wa saa tatu, amekukodishia ofisi kwa bei ambayo mjini hutaipata. Saa saba ikifika, funga kipakatalishi, agiza madondo na chapati, ule kama wengine.

Kuna mahali pengine ambapo hapauzi kahawa, lakini lazima nipataje. Kaunti yetu ina maktaba ya Kaloleni na maktaba ya Makadara, zote mbili zikiwa matawi ya Maktaba ya McMillan iliyo katikati ya mji. McMillan ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani yake akasoma. Matawi ya Eastlands yalisogeza vitabu karibu na mitaa ya wafanyakazi. Nilipokuwa nikipita Jogoo Road kwenda kununua kahawa ya bei ghali, majengo hayo yalikuwa yamechakaa, na sitajifanya kwamba yangenifaa wakati huo. Lakini miaka ya karibuni, kwa ubia wa kaunti na shirika la Book Bunk, Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa. Buruburu nako kuna maktaba iliyoanzishwa chini ya Huduma za Maktaba za Taifa. Huko meza ipo, kimya kipo, na hakuna mtu atakayekuuliza kama unaongeza kikombe.

Maktaba ina mipaka yake, nayo nitaisema wazi. Haifanyi kazi usiku. Huwezi kuzungumza kwa simu ndani ya chumba cha kusomea. Wanafunzi wakitoka shuleni, na hasa mitihani ya kitaifa ikikaribia, watoto wana haki ya viti hivyo kabla yetu. Kwa hiyo gawa siku yako. Kazi ya kuandika na kufikiri ipeleke maktaba asubuhi. Mikutano na simu ipeleke mkahawani alasiri. Kazi ya usiku ibaki nyumbani. Nawajua wanaofanya hivyo, na hawajapanda matatu ya kwenda mjini kwa ajili ya meza kwa muda mrefu.

Najua ndugu zangu wa Kayole, Dandora na Komarock wananitazama kwa jicho lile. Wanasema: "Makadara ni nauli. Sisi je?" Mna haki ya kuuliza. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 inataja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba swali la meza katika wadi yako linaweza kuulizwa rasmi, na kwa tarehe zinazojulikana. Kila mwaka, kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika bunge la kaunti. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti huwasilishwa. Kabla ya hapo kuna vikao vya kuwasikiliza wananchi. Katika vikao vingi nilivyohudhuria nikiwa na kamera na daftari, nimesikia barabara, mitaro, taa na maji, na yote ni haki. Sijasikia hata mara moja kijana akisimama kusema: "Ukumbi wetu wa kijamii hukaa mtupu asubuhi. Tunaomba meza kumi, soketi ishirini na mtandao." Ombi lisilotamkwa haliandikwi, na lisiloandikwa halitengewi fedha.

Mimi ni afisa wa habari. Sina ufunguo wa bajeti, na sitawaahidi kitu nisichoweza kutoa. Ninachoweza ni kuhakikisha tarehe na mahali pa vikao zinawafikia mapema, kupitia jarida hili na mbao za matangazo katika ofisi za wadi. Kazi ya kuja na kusema ni yenu.

Nimalizie kwa kazi ya nyumbani. Wiki hii, tembea kwa miguu dakika kumi na tano kila upande wa nyumba yako. Andika kila mahali penye meza: mkahawa, kibanda, maktaba, ukumbi, hata chumba cha kanisa au madrasa kinachokaa bure siku za kazi. Andika saa za kufungua, soketi, kasi ya mtandao na bei. Zungumza na mwenyewe kabla hujafungua kipakatalishi. Kisha orodha hiyo mpe mwenzako, na nakala moja uje nayo kwenye kikao cha wadi.

Nilimpoteza mhariri kwa sababu ya nusu saa na meza isiyokuwa yangu. Nisingependa mmoja wenu apoteze kazi kwa sababu hiyo hiyo, ilhali meza ilikuwa mtaani kwake.

Sasa tuagize chai, na kila mmoja ajilipie.