Akiba ya Mnyonge Hulindwa na Nani?



Tumeombwa tuzungumze juu ya mabenki. Tumechagua nchi mbili jirani, Marekani na Kanada, kwa kuwa dhoruba moja ilizipiga zote mbili lakini hazikuumia sawa.

Baina ya mwaka 1930 na 1933, mabenki yapatayo 9,000 yalianguka Marekani. Mkulima alifika na kitabu chake cha akiba mkononi, akakuta kufuli mlangoni. Kanada nako bei ya ngano ilianguka na watu wakakosa kazi, ila haikuanguka benki hata moja. Wala nchi hiyo haikuwa na benki kuu. Ilifungua yake mwaka 1935.

Tofauti ilikuwa katika sheria. Majimbo mengi ya Marekani yalizikataza benki kufungua matawi, hivyo benki ya mji mdogo ilitegemea mavuno ya mji ule ule. Mahindi yakinyauka, nayo hunyauka. Wanasiasa walisema wanawakinga wananchi na matajiri wa New York. Sisi twaona kwamba waliokingwa zaidi ni wenye benki za hapo mjini, wasipate mshindani. Benki za Kanada zilikuwa chache, zenye matawi nchi nzima, na hasara ya nyanda za ngano ilibebwa na matawi ya kwingineko.

Marekani iliunda bima ya amana mwaka 1933. Ilipoanza kazi mwaka 1934 ilimlinda mwenye akiba hadi dola 2,500; leo ni dola 250,000. Hata hivyo, Silicon Valley Bank ilipoanguka Machi 2023, sehemu kubwa ya amana zake ilikuwa juu ya kiwango hicho, na wakuu wa serikali wakaamua zote zilipwe. Matajiri wana bahati yao.

Kanada nayo si peponi. Mabenki sita makubwa yameshika soko, na wateja hulalamikia ada. Lakini kuna jambo lililotuvutia sisi wanasheria: sheria yao ya mabenki ina tarehe ya kufa. Bunge lisipoihuisha, ruhusa ya benki kufanya kazi hukoma. Zamani ilihuishwa kwa kawaida kila miaka kumi. Tangu 1992, kila mitano. Hivyo mabenki hayana budi kurudi mbele ya wawakilishi wa watu.

Hapa Kenya, Ibara ya 231 ya Katiba ya 2010 yakataza mtu yeyote kuiamrisha Benki Kuu katika kazi zake. Ni neno jema. Lakini Sheria yetu ya Mabenki haina tarehe kama ile, nasi twapendekeza mdai kwa wabunge wenu iwekwe.

Na wahazini wa makanisa wasikie: tangu 2020 bima yetu humlipa mwenye amana hadi shilingi 500,000 katika benki moja. Kanisa lenye milioni tatu za ujenzi katika benki hiyo, ikifungwa, litalipwa kiasi hicho, na kwa zilizosalia litapanga foleni pamoja na wadai wengine.