Chungu Kimoja: Mapishi Yenye Ladha kwa Nyumba Yenye Mgonjwa wa Kisukari

Hotuba kwa Waislamu wa Gitega na Muyinga





Maneno ya leo ni ya jikoni, na huenda baadhi ya mabwana wakadhani kwamba hayawahusu. Yawahusu sana, kwa kuwa mara nyingi bwana ndiye mgonjwa na bibi ndiye mpishi, na kati ya wawili hao huzuka ugomvi usio na mkosaji.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja. Ikiwa ya Gitega au ya Muyinga, hapana tofauti. Mzee amerudi kutoka hospitali, ameambiwa kwamba ana kisukari, na kwamba hana budi kupunguza wanga, sukari na mafuta. Bibi yake, kwa mapenzi yake yote, anamtengea chungu chake peke yake: maharage yasiyo na kitunguu, kabichi iliyochemshwa kwa maji matupu, na ndizi mbili zisizo na chumvi. Watoto wamezunguka sinia la pilau, na baba yao amekaa pembeni na kibakuli chake. Siku ya tatu mzee anauliza, "Mama watoto, kosa langu nini hata nikalishwa kama mfungwa?" Bibi anajibu, "Baba watoto, amri si yangu, ni ya daktari." Siku ya saba mzee anaanza kupitia kwa muuza chai baada ya sala ya Alfajiri. Anakula maandazi matatu, anakunywa chai ya maziwa yenye sukari tele, kisha anarudi nyumbani na kula kibakuli chake kwa utiifu. Sukari ya damu inapanda, daktari anaongeza dawa, na bibi anazidi kupunguza chumvi na kitunguu. Mambo huendelea hivyo miaka mingi, mpaka siku macho yanapofifia, au kidonda cha mguu kinapokataa kupona.

Katika mfano huo lililoharibu mambo ni kile chungu cha pili. Chakula kilichonyimwa ladha hakiliwi kwa muda mrefu na binadamu yeyote, na maradhi haya ni ya maisha yote. Kwa hiyo linalotakiwa ni chungu kimoja kwa nyumba nzima, chenye viungo vyote, kilichobadilishwa kwa ajili ya wote. Wala watoto hawaonewi kwa jambo hilo. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, hufuata ukoo. Mtoto wa mgonjwa yumo katika hatari kuliko mtoto wa jirani. Chakula kimfaacho baba kitamkinga mwana.

Yafaa ijulikane kwanza maradhi yenyewe ni kitu gani. Si mapya: Ibn Sina, katika kitabu chake cha al-Qanun, aliueleza mkojo wenye utamu wa wagonjwa hawa karibu miaka elfu moja iliyopita. Wanga wote uliwao, ukiwa wali, muhogo, ndizi au mkate, tumboni hugeuka sukari na kuingia katika damu. Insulini, itokayo katika kongosho, ndiyo iifungulie sukari hiyo mlango wa kuingia mwilini. Ikiwa haipo, au mwili haiitikii, sukari hubaki katika damu na kuharibu mishipa, macho, figo na miguu. Insulini ya kutibu ilipatikana huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best, na mgonjwa wa kwanza alidungwa mwezi wa Januari 1922. Kabla ya hapo watoto wenye kisukari walikuwa wakifa tu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika miligramu 126 katika desilita moja ya damu au zaidi, na kikarudiwa kikawa vile vile, huyo ana kisukari.

Basi kwa kuwa wanga wote ni sukari, wako watu ambao huacha sukari ya chai na kuendelea na mlima wa ubugari, nao hushangaa kwamba kipimo hakishuki. Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina gramu zipatazo 45 za wanga. Sinia la pilau halina kipimo. Mkono wa kulia huchota mpaka tumbo liseme, na tumbo huchelewa kusema. Hapa ndipo penye shida hasa ya nyumba za Waislamu, maana kula pamoja katika sinia ni jambo jema lenye baraka, na hakuna atakaye kulivunja. Lakini sinia lenyewe laweza kupangwa. Nusu yake na ijazwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe nyama, samaki au maharage, na robo iliyobaki iwe wali, ndizi au ubugari. Mgonjwa akikaa upande wake na kula vya upande wake kwa kipimo hicho, hakutengwa na mtu, na hakuna mgeni atakayejua kwamba ni mgonjwa.

Sasa ladha. Mji wa Gitega, ulioitwa Kitega wakati Wadachi walipoufanya makao ya utawala wao mwaka 1912, uliwapokea askari na wachuuzi wenye mapishi ya pwani. Muyinga nayo iko karibu na njia ya Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania. Ndiyo sababu katika majiko ya miji hii hukutana mapishi mawili: maharage, ndizi, lengalenga na sombe za Warundi kwa upande mmoja, na bizari, iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi za pwani kwa upande wa pili. Ni bahati kubwa. Mapishi ya Warundi yana vyakula vinavyomfaa mgonjwa, na ya pwani yana harufu nzuri. Lakini watu wengi wameviacha vya kwanza na kuvitia viungo vya pili katika wali na mafuta peke yake.

Maharage ndiyo yaanze. Wanga wake huingia katika damu polepole, na yana nyuzinyuzi nyingi na protini. Na yalowekwe tangu Isha mpaka asubuhi, na maji yale yamwagwe. Gitega iko mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, na maji huko huchemka kwa joto la digrii 95 hivi badala ya 100. Kwa hiyo mpishi aliyetoka pwani hudhani kwamba maharage ya huku yana ukaidi, kumbe ni urefu wa nchi. Kuloweka huokoa makaa mengi ya mbabula. Yakiisha kuiva, na ikaangwe kitunguu kikubwa kwa vijiko viwili vya mafuta, pole pole, mpaka kiwe na rangi ya kahawia, kwani utamu wa kitunguu kilichokaangwa vyema hauna mbadala. Kisha kitunguu saumu, tangawizi iliyotwangwa, bizari, nyanya tatu, na nyanya chungu zilizokatwa. Maharage yaingie mwisho, yapondwe kidogo yafanye mchuzi mzito, na chungu kikiepuliwa kikamuliwe ndimu. Ukali wa ndimu na wa pilipili huufanya ulimi usidai chumvi nyingi, nayo chumvi yapasa isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, maana wenye kisukari wengi wana shinikizo la damu pia.

Walakini maharage yenyewe yana wanga. Mwenye kupika ndizi na maharage katika chungu kimoja, kama ilivyo desturi njema ya nchi hii, na apunguze ndizi ziwe mbili ndogo kwa mtu, tena ziwe mbichi hasa, zisizoanza kuiva, kwa sababu ndizi ikiiva wanga wake hugeuka sukari. Viazi vitamu navyo vilivyochemshwa hupandisha sukari polepole kuliko vilivyochomwa motoni, jambo ambalo wachomaji hawatapenda kulisikia.

Lengalenga yataka moto wa dakika chache tu, pamoja na kitunguu na kijiko cha karanga zilizotwangwa. Sombe ni kinyume chake: jani la muhogo lina sumu ya sianidi, halina budi kutwangwa vyema na kuchemshwa muda mrefu bila kifuniko, wala asiwepo mtu wa kulipika haraka kwa kuwa ana wageni. Mawese yatiwe kidogo, kwani nusu yake hivi ni yale mafuta mazito yanayodhuru mishipa ya moyo, ambayo kwa mwenye kisukari tayari imo hatarini. Ladha ya sombe na itoke katika ndagala. Samaki hawa wadogo wa ziwa Tanganyika, waliokaushwa, hufika Gitega na Muyinga; na waoshwe kwa maji ya moto watoke mchanga, wakaushwe katika sufuria bila mafuta mpaka watoe harufu, ndipo watiwe katika sombe, au wapikwe kwa nyanya, kitunguu na pilipili. Huliwa na mifupa yao, ambayo ina chokaa.

Na pilau? Pilau haikatazwi. Harufu yake inatoka katika kitunguu, supu ya nyama, bizari nyembamba, iliki na mdalasini. Haitoki katika wingi wa samli. Vijiko vitatu vya mafuta vyatosha sufuria ya watu sita. Nyama na iongezwe kidogo, mchele upunguzwe, na bakuli kubwa la kachumbari ya kabichi, kitunguu na ndimu litangulie kuliwa kabla ya wali kuguswa. Kuanza na mboga hupunguza mpando wa sukari. Chapati, moja tu, na siku hiyo pasiwe na wali.

Yako maneno matatu yanayozunguka mitaani ambayo hayana budi kusahihishwa. La kwanza ni la asali. Asali ina heshima yake katika dini, na hakuna anayeipinga. Lakini kijiko kimoja kikubwa cha asali kina gramu zipatazo 17 za sukari, na damu ya mgonjwa huihesabu kama nyingine. La pili, kwamba uji wa ulezi ni dawa ya kisukari. Ulezi ni nafaka njema, ila ukisagwa laini na kupikwa uji huyeyuka na kuingia katika damu upesi. Kikombe kidogo kisichotiwa sukari, sawa, lakini jagi zima ni hatari. La tatu, kwamba mdalasini au mbegu za uwatu zaweza kuchukua mahali pa vidonge. Hivyo ni viungo vya kunukisha chakula, na aliyeacha dawa zake kwa sababu ya viungo amejidhulumu.

Kinyume chake pia kuna hatari. Mgonjwa anayedunga insulini, au anayemeza vidonge vya glibenklamidi, akipunguza wanga ghafula bila kumwambia daktari, sukari yake yaweza kushuka mno. Akitokwa na jasho, akatetemeka au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, huo si wakati wa kachumbari: apewe maji yenye vijiko vinne vya sukari, na baada ya dakika 15 apimwe tena. Akiwa hawezi kumeza asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali mara moja.

Ramadhani yataka uangalifu zaidi. Mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake asifunge, na ruhusa hiyo si aibu. Anayetaka kufunga na amwone daktari wiki sita au nane kabla ya mwezi, apangiwe dawa. Kupima damu kwa kuchoma kidole hakufunguzi. Na kipimo kikishuka chini ya miligramu 70, au kikapita 300, afungue saa ile ile, hata ikiwa zimebaki dakika kumi. Futari ianze na maji na tende moja ndogo au mbili. Ile tende kubwa nene ya dukani ina gramu 16 za sukari peke yake, na yule anayekula saba kubwa amekula zaidi ya gramu 100 kabla ya kugusa tambi. Sambusa ziokwe au zikaangwe chache, na maharage yale yaliyosemwa yawepo mezani. Daku icheleweshwe, iwe na kunde, mayai na mboga.

Limebaki la chai, nalo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa chai ndiyo ukarimu wa watu hawa. Vikombe vitatu kwa siku vyenye vijiko vinne kila kimoja ni gramu 48 za sukari, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba hata mtu mzima mwenye afya afadhali asipite gramu 25 hivi. Chai ya Burundi ina ladha yake yenyewe. Ikichemshwa na tangawizi, iliki, mchaichai na kipande cha mdalasini, hunukia mpaka barabarani. Katika hitima, walima na Maulidi, desturi ni kuitia sukari katika birika tangu jikoni, na mgeni mgonjwa huona haya kukataa kikombe alichokwisha mminiwa. Kwa hiyo katika shughuli zijazo akina mama wapishi na walete chai isiyotiwa kitu, na sukari iwekwe katika bakuli kando, kila mtu atie kwa kijiko chake mwenyewe.